Laini ya Kule kwa Ngumbao

Ngumbao alijifunza sarakasi kwenye mchanga wa Malindi, karibu na gati, ambapo mtu akianguka haumii sana. Tangu akiwa darasa la nne alikuwa akitoka Ganda kwa miguu baada ya masomo, akijiunga na vijana wakubwa, na kurudi nyumbani na mchanga masikioni. Mama yake, Kadii, alimngoja mlangoni na fimbo ambayo hakuitumia hata mara moja. Alipoanza kuota ndevu, Ngumbao ndiye aliyekuwa akipanda juu kabisa, mabegani mwa wenzake, katika hoteli za Waitaliano. Alikuwa mwepesi, na woga hakuujua.

Kisha hoteli zikaanza kufungwa. Mageti yalitiwa kufuli, nyasi zikaota kando ya mabwawa ya kuogelea. Ngumbao na rafiki yake Charo, kijana wa Takaungu, wakapata mkataba wa kwenda kuchezea watalii kwenye hoteli moja katika kisiwa cha Karibi. Mama Kadii hakuweza kulitamka jina la kisiwa hicho. Kila alipojaribu, ulimi ulimtelezea kwenye pengo la jino, akacheka mwenyewe na kuacha. Akawa anasema tu, "kule kwa Ngumbao."

Kila Jumapili simu ilikuja kutoka kule kwa Ngumbao. Kwake kulikuwa asubuhi, na huku jua lilikuwa limeshapinduka.

"Umekula?" Mama aliuliza, kabla hata ya salamu.

"Nimekula, Mama. Huku wana mashelisheli, wana nazi, wana samaki. Ukifumba macho utadhani uko Takaungu."

"Nikiyafumbua je?"

"Ukiyafumbua utawaona Wazungu wamelala juani kama Malindi ya zamani."

Jumapili moja simu ilipolia, aliyetokea kwenye kioo alikuwa Charo, peke yake, macho mekundu. Aliwaamkia Mama na wanawe kwa heshima. Kisha akawaeleza. Walikuwa mazoezini, manyunyu ya mvua yakapita ghafla na kulowesha jukwaa. Ngumbao alikuwa juu. Mguu wake uliteleza begani mwa mwenzake, akaanguka kwa kichwa. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyefanya uzembe. Alikuwa hospitalini na hajaamka.

Walingoja aamke. Wachungaji walikuja kuomba, shangazi zake wakaja na dawa ambazo hazikuwa na njia ya kumfikia, na Mama aliacha kwenda shambani. Baada ya muda daktari wa kule akamwambia Charo kwamba ingefaa mtu wa familia aje.

Ilibidi awe Janet. Alikuwa mtoto wa kwanza, mwalimu wa chekechea pale Ganda, na katika familia nzima ndiye pekee aliyekuwa na pasipoti, aliyoichukua mwaka ule alipotaka kwenda kufanya kazi Doha kisha akaghairi. Hoteli ya kule ilimshughulikia tiketi na vibali. Mama alikuwa na presha, na miguu ilimvimba hata kwa safari ya kwenda Malindi mjini. Hakuomba kwenda. Aliomba jambo moja.

"Ukifika, niwekee simu sikioni mwake. Nitasema naye mwenyewe. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema. Sauti yangu hawezi kuikataa."

"Nitafanya hivyo, Mama."

"Usinisemee. Simu iwe sikioni mwake."

Ndipo Janet akaenda Malindi mjini kwenye duka la simu la Qasim. Mke wa Qasim, Naznin, alikuwa amesoma na Janet tangu wote wakiwa wasichana wa sare za buluu, na habari za Ngumbao alikuwa anazo. Alitoka nyuma ya kaunta akamkumbatia Janet mbele ya wateja.

Qasim aliigeuza simu ya Janet mkononi, akatikisa kichwa. "Hii haitakubali, dada Janet. Laini ya safari haina kadi ya kutia. Inaingia ndani ya simu yenyewe, na si kila simu inaipokea."

"Na nikinunua kadi nikifika huko?"

"Utaitafuta wapi na mgonjwa anakungoja? Wataka ukitua uwe tayari unaongea na mamako."

Naznin aliichomoa simu yake mwenyewe kwenye chaji, akaifuta kioo kwa ncha ya mtandio. "Chukua hii, shoga yangu. Mimi nitatumia ya dukani."

Qasim akaketi kwenye kompyuta, akatafuta, akalipia. Kikatokea kile kimraba chenye madoa meusi, akakielekezea kamera ya simu ya Naznin, na baada ya kitambo laini mpya ikaonekana kwenye kioo, imeandikwa jina la kisiwa.

"Sasa imelala," alisema. "Ukitua utaiwasha hapa, na hapa chini utawasha roaming, ili ishike mtandao wa huko."

Janet alishtuka. "Roaming? Si ndiyo tunayoambiwa tusiiguse?"

"Hiyo ni kwa laini yako ya kawaida. Hii imetengenezewa safari. Usipoiwasha utakuwa umebeba kioo tu." Akapunguza sauti. "Lakini nikwambie ukweli. Data yake si nyingi. Hii ndiyo niliyoipata kwa haraka kwa kisiwa hicho. Picha za video zinaila kama moto ulao makuti. Mkiongea, ongeeni kwa sauti tu. Ikiisha, mtu wa kwenu Ganda anipigie, nitaiongeza papa hapa kaunta."

Janet alisafiri akiwa ameishika simu ile kama mtu aliyebeba yai. Alipita viwanja vya ndege ambavyo hakuviangalia. Alipotua kisiwani, joto lilimpokea mlangoni mwa ndege, joto lile lile la Malindi, lenye chumvi ndani yake. Alisimama kando ya watalii waliokuwa wakingoja mabegi yao, akaiwasha laini, kisha roaming. Simu ikatulia kidogo. Halafu ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine, wote wa mdogo wake Kahonzi. *Umefika? Mama anauliza. Dada, umefika?*

"Nimefika," aliandika.

Charo alimngoja nje na gari la hoteli. Alikuwa amekonda. Alimpeleka moja kwa moja hospitalini, akamwonyesha wadi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Lazima nirudi kazini, dada. Wameniruhusu nije kukupokea tu. Nitakuja jioni."

"Nenda, mdogo wangu. Ahsante."

Ngumbao alikuwa amelala chali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani. Kichwa kilikuwa kimefungwa bandeji, na bomba lilipita mdomoni. Mikono yake tu ndiyo iliyokuwa ile ile, yenye sugu za kushikilia wenzake. Janet aliushika mmoja. Ulikuwa na joto, na hilo likampa tumaini ambalo daktari alikuja kumwondolea.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mweusi kama wao, mwenye Kiingereza kilichokuwa kama kinaimbwa. Alivuta kiti akaketi, hakuzungumza akiwa wima. Alimweleza kwamba ubongo umevimba tena tangu jana, na kwamba wamefanya walichoweza.

"Kama kuna mtu anayetaka kusema naye," alisema, "aseme leo. Asisubiri."

Janet aliuliza kama kuna mtandao wa hospitali anaoweza kutumia. Palikuwa na wa wafanyakazi tu. Basi akaitoa simu ya Naznin, akapiga Ganda.

Kule Ganda watu walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi. Majamvi yalitandikwa chini ya mikanju ya korosho, na simu ya Kahonzi ilikuwa imeegemezwa kwenye kigoda katikati ya baraza. Walikuwa wameshawasha kamera yao, na kilichoonekana kwanza kwenye kioo si uso wa Mama. Alikuwa Baba mkubwa Mwaringa, kaka mkubwa wa marehemu baba yao, aliyevaa koti lake la kanisani. Mama Kadii alikuwa kando yake, nusu ya bega ndiyo iliyoonekana, amejifunga leso kichwani.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Za safari? Umefika salama?"

"Salama, Baba mkubwa. Naomba nimpate Mama. Daktari amesema..."

"Tuwashie tumwone kwanza. Watu wote wako hapa."

"Data ni kidogo, Baba mkubwa. Tumeambiwa tuongee kwa sauti tu."

"Mwanangu, huyu ni mtoto wa ukoo. Hatuwezi kuongea naye gizani."

Janet alikuwa amelelewa kutobishana na mzee huyo. Alipokufa baba yao ni yeye aliyewalipia karo, ni yeye aliyemsimamia Ngumbao alipopelekwa polisi kwa kuruka ukuta wa hoteli. Akawasha kamera, akaielekeza kitandani. Kilio kikapanda kutoka kwenye majamvi, Baba mkubwa akawanyamazisha kwa mkono.

Akaanza. Alimsalimu Ngumbao kwa jina lake na la baba yake na la babu yake. Alimtajia waliokuja, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa akasogea mbele ya simu apunge mkono. Kisha akamkaribisha mchungaji. Mchungaji aliomba. Aliomba kwa ajili ya madaktari, kwa ajili ya kisiwa kile, kwa ajili ya ndege iliyomleta Janet. Janet aliangalia kona ya kioo, akamwona mama yake akichezea upindo wa leso, akiukunja na kuukunjua.

Mchungaji alipotua, Janet alisema haraka, "Amina. Baba mkubwa, tafadhali, Mama."

"Subiri, mwanangu. Mambo yana utaratibu wake."

Naye akamgeukia tena Ngumbao. Alimwambia ainuke. Alimwambia wanaume wa nyumba ile hawafi ugenini. Sauti yake ilikuwa kubwa na imara, na kadiri alivyosema ndivyo ilivyoanza kupasuka, na Janet akaelewa kwamba mzee alikuwa anaogopa, na kwamba akiacha kusema atalia mbele ya watu. Hakuwa na moyo wa kumkatiza. Heri angemkatiza. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba heri angemkatiza.

Hatimaye Baba mkubwa aliinua simu kwenye kigoda, akampa Mama. Mama aliisogeza karibu mno, kioo kikajaa jicho moja na mfupa wa shavu.

"Ngumba..." alisema.

Picha ikaganda. Jicho lilibaki wazi kwenye kioo, halisogei. Kisha kioo kikawa cheusi na maandishi madogo yakatokea: laini imeishiwa data.

Janet alisimama. Alimwomba nesi aliyekuwa wadini amwazime simu, dakika tu, mama yake yuko kwenye laini. Nesi alikuwa msichana mpana mwenye uso wa huruma. Alimwambia simu zao hawaruhusiwi kuja nazo wadini, yake iko kabatini, ghorofa ya chini. "Nakwenda kuileta," alisema, na kweli akaenda akikimbia, viatu vyake vikilia kwenye sakafu.

Kule Ganda, Kahonzi alikuwa ameshampigia Qasim. Hayo Janet aliyajua baadaye. Qasim aliacha mteja amesimama, akaingia kwenye kompyuta, akaongeza data mara mbili ya ile ya kwanza, na kwa haraka akakosea neno la siri, akaanza upya.

Ngumbao hakungoja. Ile mistari kwenye mashine ilianza kulegea, Janet akamwita daktari, daktari akaja na wengine wawili. Walimgusa hapa na pale, wakatazamana. Mashine ikatoa sauti moja ndefu. Daktari alinyoosha mkono akaizima, akauweka mkono huo begani mwa Janet, kisha akatoka kumpisha. Nesi alirudi na simu yake akihema, akaona, akasimama mlangoni.

Ndipo simu ya Naznin ikalia mkononi mwa Janet. Laini ilikuwa imerudi.

"Janet?" Ilikuwa sauti tu, safari hii bila picha. Nyuma yake palikuwa kimya, hata kuku hawakusikika. "Janet, wamenipisha. Wote wamesogea. Niweke sikioni mwake."

Janet alifungua mdomo. Nesi alikuwa akimtazama. Hakujua Kiswahili, lakini alijua ni nani aliyekuwa akiongea. Aliitikia kwa kichwa polepole, akafunga pazia.

"Haya, Mama. Nimeweka."

Akaiweka simu kwenye sikio la ndugu yake, akaishikilia hapo.

Mama alisema kwa Kigiriama. Hakuomba wala hakumwamuru ainuke. Alimwambia mbuzi yule mweupe amezaa mapacha. Alimwambia mikanju imechanua mapema mwaka huu. Alimwambia, "Ile fimbo sikuwa na nia ya kukupiga nayo, nilikuwa nataka ujue tu kwamba nilikuwa nakungoja." Akapumua, akaendelea. "Kama umechoka, mwanangu, lala. Usiogope kwamba nitakasirika. Mimi sitakukasirikia. Kama unaweza kuja, njoo, nitakuwa mlangoni. Kama huwezi, lala." Kisha akamwimbia kidogo, wimbo wa kumbembelezea mtoto, ambao Janet alikuwa ameusahau.

Alipomaliza aliuliza, "Amesikia?"

"Amesikia, Mama."

"Haya. Ahsante, mwanangu."

Janet alikata simu. Alikaa na mwili wa ndugu yake mpaka Charo alipokuja, wakalia pamoja, kisha akapiga tena Ganda na kumwambia Kahonzi kwamba Ngumbao amekwenda. Kabla hajamaliza neno alisikia kilio cha mama yake kikipanda, akaiondoa simu sikioni kwa sababu hakuweza kukisikiliza.

Hoteli iliusafirisha mwili. Walimzika Ganda, kando ya baba yake. Wenzake wa sarakasi walikuja kutoka Malindi, Watamu na Kilifi mjini, wamevaa nguo zao za kuchezea maana ndizo zilizokuwa nadhifu. Hawakuruka. Walibeba jeneza mabegani, na walitembea wakiwa wamelinganisha hatua, kama walivyozoea kutembea akiwa juu yao.

Baada ya matanga watu walitawanyika. Siku moja Janet na mama yake walikuwa wameketi wakichambua majani ya kunde. Janet hakuweza kuendelea kukaa na jambo lile.

"Mama, siku ile ulipoongea naye mara ya pili. Alikuwa ameshakwenda."

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua, jani baada ya jani.

"Kwa muda gani?" aliuliza hatimaye.

"Muda mfupi, Mama. Kitambo tu."

"Basi hakuwa mbali," Mama alisema. "Mtu akitoka mlangoni sasa hivi, ukimwita, anasikia." Akaendelea na kunde zake, lakini machozi yalimdondokea mikononi, na hakuyafuta.

Baba mkubwa Mwaringa alikuja wiki hiyo hiyo. Hakuvaa koti. Alikataa kiti akaketi kwenye jamvi, chini, jambo lililomfanya Kahonzi atazame kando kwa haya. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba simu ya Mama ilichelewa, au pengine hakuhitaji kusikia.

"Shemeji," alisema. "Mimi ndiye niliyeimaliza ile data."

Kahonzi alitaka kusema neno la kumpoza, Janet akamshika mkono.

"Ndiyo," Mama Kadii alisema. "Ni wewe."

Mzee aliinamisha kichwa. Alilia kama wanavyolia wanaume wasiozoea, kwa kukohoa. Mama alimwacha alie. Hakumwambia ni mapenzi ya Mungu, hakumwambia yamepita. Alipotulia, Mama alimwambia Kahonzi alete maji ya kunawa, maana sima ilikuwa tayari. Mzee akanawa, akala kidogo. Mama naye akala kidogo. Alipoondoka, Mama alimsindikiza mpaka kwenye mpaka wa shamba, kama ilivyokuwa desturi yake.

Mwisho wa mwezi Janet alikwenda Malindi kumrudishia Naznin simu. Qasim alikuwa ametoka. Naznin aliipokea bila kuitazama, akaiweka kwenye droo, akamwekea Janet kiti nyuma ya kaunta na kikombe cha chai ya tangawizi. Janet alimweleza yote, kwa mara ya kwanza tangu mwanzo mpaka mwisho: Baba mkubwa, mchungaji, jicho la Mama kwenye kioo, nesi aliyekimbia.

Naznin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wewe, shoga yangu? Wewe ulimwambia nini?"

Janet aliweka kikombe chini. Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka mkono wenye sugu na joto lake. Alikumbuka kwamba alisema "Baba mkubwa", alisema "tafadhali", alisema "amina", alisema "amesikia, Mama". Yeye mwenyewe hakuwa amemwambia ndugu yake hata neno moja.

"Nilikuwa nimeshika simu," alisema.

Naznin aliinuka, akaufunga mlango wa duka mchana kweupe, akarudi akaketi naye.